Matongo yana wenyewe



Kuna neno linalosemwa mara nyingi katika mikutano ya udongo na halimshangazi mtu tena. Neno hilo ni matongo. "Ile fasi ni matongo tu, haina mwenyewe." Mtu akishasema hivyo wengine wananyamaza, na kesho yake asubuhi unasikia panga zinalia. Mimi sikubali neno hilo litumiwe hivyo. Nitaeleza kwa nini, lakini inanibidi nianze kwenye fasi ambayo jina lake lenyewe ni matongo.

Si mbali na mji wa Kasongo kuna kijiji kinachoitwa Tongoni. Tongo, kama wazee wetu wanavyojua, ni fasi ambayo watu waliishi halafu wakahama. Unabaki mwembe, yanabaki mawe matatu ya jiko, pengine na kaburi. Tongoni ndiyo Kasongo ya zamani, ile ya Tippu Tip. Kasongo ya leo, yenye soko na ofisi za teritware, ilijengwa fasi nyingine. Watoto wetu wengi hawajui hilo. Wanadhani Tippu Tip alitembea hapa hapa, kwenye barabara wanayopita kwenda masomo.

Hadithi ya Tippu Tip tunaijua, au tunadhani tunaijua. Jina lake la kweli lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mtu wa Zanzibar, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alifia huko huko Zanzibar mwaka 1905, na kabla ya kufa alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakaandikwa. Ukiyasoma utapata pembe, bunduki, masultani na safari. Wakulima utawatafuta sana.

Lakini fikirini kama wakulima. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda mpaka Kabambare, halafu Kasongo na Nyangwe kwenye Lualaba. Kabambare ilikuwa kambi kubwa katika njia hiyo. Livingstone, yule msafiri Mwingereza, alikwama hapo miezi mingi kati ya 1870 na 1871 juu ya vidonda vya miguu. Msafara wa watu mia tano unakula leo jioni, na kesho unakula tena. Pembe hailiwi. Basi kila kambi ya njia ile ilikuwa pia shamba, au ilisimama karibu na mashamba ya watu wengine, na mara nyingi wenye mashamba hayo hawakuulizwa.

Mwezi wa nne mwaka 1893 askari wa Bula Matari, wakiongozwa na Mbelgiji Dhanis, waliingia Kasongo. Pamoja nao alikuwa daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye miaka minne baadaye alitoa kitabu juu ya vita ile. Anasimulia utajiri walioukuta: magodoro ya hariri, mishumaa, vyombo vya fedha na vya kioo. Askari wa kawaida walilala kama matajiri. Hayo njo watu wanapenda kuyarudia. Mimi jambo nililolisoma mara mbili ni la mpunga. Daktari huyo anasema alipita juu ya mnyama ndani ya shamba moja tu la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu.

Tufanye hesabu, maana hii ni kazi yetu. Mnyama anayetembea polepole anaweza kwenda kilomita 4 kwa saa. Saa moja na nusu ni kilomita 6. Hata tukisema shamba lile lilikuwa jembamba, mita 100 tu za upana, tunapata hektari 60. Kwa jembe la mkono, tukihesabu nusu hektari ya mpunga kwa kila nyumba, hizo ni nyumba 120 kwa shamba moja. Na pembeni yake kulikuwa na miwa, mahindi na miti ya matunda. Kila mmoja wetu anajua mpunga unataka nini: kukata pori, kuchoma, kupanda, kupalilia mara ya kwanza na ya pili, halafu zile wiki za kulinda ndege kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, halafu kuvuna kichwa kwa kichwa, kukausha, kutwanga. Nani alifanya yote hayo Tongoni?

Walikuwa watu waliokamatwa vitani, wanaume, wanawake na watoto. Wengi walikuwa wa huku huku, wengine waliletwa kutoka mbali. Palikuwa pia na vijiji vilivyoagizwa kuleta chakula ili visichomwe. Jina la bwana tunalo, majina ya watoto wake na ndugu zake tunayo. Majina ya waliolinda ndege hatuna hata moja.

Nyangwe nako ni vilevile. Soko lake lilikuwa maarufu kuliko yote kando ya Lualaba, na wenye soko walikuwa wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi na mihogo, samaki, mafuta ya ngazi, chumvi, kuku na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wenye bunduki wa kundi la mfanyabiashara mmoja waliwapiga risasi wale wauzaji. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine walizama wakikimbilia mitumbwi. Livingstone alikuwepo, aliona kwa macho yake, na alichokiandika kiliwashtua watu wa Ulaya. Ndiyo maana tarehe tunayo. Wauzaji wenyewe walikuwa wakulima kama mama wa koperative zetu, waliobeba mizigo yao kichwani siku ile kama siku nyingine yoyote.

Vita ya 1892 hadi 1894 ilipokwisha, na Kabambare yenyewe ikachukuliwa mwezi wa kwanza wa 1894, mji ule ulipoteza nguvu yake. Watu wakatawanyika na Kasongo ikahamishwa. Wengine walibaki, wakajiita Wangwana, wakaoana na wenyeji, na leo ni babu na bibi zetu. Mpunga ulibaki pia. Sisi tunaokula wali wa Maniema na kuuza mchele wetu mpaka Kindu tunaendeleza kazi ya mikono ile. Lakini fasi yenyewe ikaitwa tongo. Na Bula Matari alikuwa na sheria tayari kwa ajili ya matongo.

Ilitoka tarehe 1 Julai 1885, wakati huku kwetu bado hata askari wake mmoja hajafika. Ilisema udongo ulio wazi ni mali ya serikali. Kwa masikio inaonekana ni maneno ya haki, maana ilisema pia wenyeji wasinyang'anywe udongo wanaoukalia. Shida ilikuwa kwenye neno "wazi". Mzungu alipotembea aliona nyumba, aliona shamba lenye mihogo, akasema: hii ni yao. Alipoona pori lenye miti midogo akasema: hii iko wazi. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba pori lile lilikuwa shamba la miaka mitano iliyopita lililoachwa lipumzike, na kwamba baba fulani alikuwa anahesabu miaka ili arudi. Kwa kilimo chetu cha kuhamahama, sehemu kubwa ya udongo wa kila jamaa, wakati wowote ukiangalia, inaonekana kama imeachwa. Yote hiyo ikawa ya mfalme Leopold, na mpira wake ukafuata.

Halafu ikaja zamu ya barabara. Bula Matari alikusanya vijiji vilivyokuwa ndani ya pori, akavipanga kando ya barabara ili kodi ipatikane, waganga wa malale wafanye kazi, na kapita aone nani amelima. Kisha pamba. Maniema ilikuwa kati ya fasi za kwanza kabisa za Kongo kulimishwa pamba, na tangu sheria ya Februari 1917 mtu aliweza kulazimishwa siku 60 kwa mwaka kwa mazao ya amri. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikawa 120. Juu ya pamba sitasema zaidi, wazee wamesema vya kutosha, na fimbo zake wanazikumbuka. Ninachotaka tuone ni kwamba kila kijiji kilichosogezwa barabarani kiliacha nyuma yake tongo. Ndiyo maana jamaa nyingi za Wamaza na Kabambare ziko na fasi mbili: fasi wanayolala, na "kule kwa zamani", mwendo wa saa tatu au nne kwa mguu, ambako yako makaburi ya babu.

Hili halikutupata sisi peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Utah, iko nchi kavu ya makorongo marefu yenye kuta za mawe mekundu. Wale wachunga ng'ombe wa kofia kubwa, ambao vijana wanawaona kwenye filamu, walikuwa na makambi yao huko. Moja liko chini ya mwamba penye chemchemi, linaitwa Cave Spring. Wachungaji walikaa hapo miezi na miezi mbali na nyumba zao, wakipika, wakilinda ng'ombe wa kampuni. Mwaka 1964 nchi ile ikafanywa hifadhi ya serikali, na mwaka 1975 ufugaji ukaisha ndani yake. Kambi likaachwa. Leo ukienda utakuta meza yao ya mbao, makopo, vyombo vya jikoni, vimebaki pale pale chini ya mwamba, na wageni wanakwenda kuviangalia.

Napenda mambo mawili katika kambi lile. Kwanza, si nyumba ya tajiri mwenye ng'ombe iliyohifadhiwa pale, ni jiko la wafanyakazi. Mtu anafika anaona sufuria ya mtu aliyefanya kazi. Sisi Tongoni tunaonyesha fasi ya Tippu Tip. Jambo la pili ni hili: kwenye mwamba ule ule, nyuma ya moshi wa wachungaji, kuna michoro ya mikono na alama iliyowekwa na wenyeji wa kwanza wa Marekani, muda mrefu kabla ng'ombe hawajafika. Wachungaji nao waliambiwa wanaingia nchi iliyo wazi. Michoro ilikuwa juu ya vichwa vyao kila walipokoka moto.

Sasa turudi kwenye mikutano yetu. Matongo ya leo si ya Tippu Tip wala ya Bula Matari tu. Mwaka 1964, wakati wa Simba, watu wa Kasongo na Kabambare walikimbilia porini. Tangu 1996 vita haikutupa nafasi ya kupumua, na vijiji vingine vimehama mara tatu, mara nne. Jamaa imekimbia, imekaa kambini au kwa ndugu miaka miwili, inarudi, inakuta mwingine analima. "Wewe uliacha." Kuacha! Mtu aliyekimbia risasi hakuacha shamba. Na mara nyingi anayerudi ni mama mjane, na anayemjibu hivyo ni kijana mwenye nguvu ambaye, tuseme ukweli, naye amekimbia kutoka kwake na hana fasi.

Najua mtaniuliza. Je, tuache udongo mzuri ulale bure na watu wana njaa? Hapana. Kila mkulima anajua tongo lina rutuba. Majivu ya majiko, mavi ya mbuzi na kuku, maganda, mifupa, vyote vimelala pale miaka, na udongo umekuwa mweusi. Mahindi na tumbaku vinapenda sana fasi hiyo. Kwa hiyo tulime. Lakini tujue pia rutuba ile ni akiba iliyowekwa na watu na haijazwi tena. Sehemu yake inaoshwa na mvua mapema, ukilima mahindi juu ya mahindi bila kurudisha kitu utaona mwenyewe majani yanageuka njano. Changanya na kunde au karanga, rudisha mabua, usichome kila mwaka. Miembe na michikichi ya zamani msikate kwa makala: hiyo ni alama ya mpaka kuliko jiwe lolote. Na ukikuta vigae, tofali au shanga wakati wa kulima, funika, endelea na kazi yako. Anayekwambia kuna hazina ya Waarabu anakupotezea kiangazi.

Ninachopinga ni kulima tongo kama kitu kilichookotwa. Limeni kwa kuazima, na azimo liwe na majina: nani analima, udongo ni wa jamaa gani, kwa misimu mingapi, mbele ya shefu wa lokalite na mashahidi wa pande mbili. Akirudi mwenyewe, mazungumzo yanaanza kwenye karatasi, si kwenye panga.

Karatasi hiyo ina kazi nyingine kubwa zaidi. Sheria yetu ya udongo ni ile ya tarehe 20 Julai 1973. Inasema udongo wote ni wa serikali. Inatambua udongo wa jamaa za wenyeji, yaani ule wanaoukaa, wanaoulima au wanaoutumia kwa namna yoyote, kila mtu kivyake au wote pamoja, kufuatana na desturi zao. Ikaahidi kwamba haki zetu juu ya udongo huo zitapangwa na ordonansi ya Raisi. Kwa miaka mingi ordonansi hiyo haikutoka. Katika pengo hilo anaingia mtu mwenye pesa, anaomba hektari mia mbili, na anaandika katika ombi lake lile lile neno la 1885: wazi.

Kabla ya kumpa, sheria inataka uchunguzi ufanywe kwenye fasi yenyewe. Wachunguzi wanapaswa kupima mipaka, kuandika watu waliopo, na kusikiliza wenye malalamiko, awe anasema kwa mdomo au ameleta maandishi. Someni hapo mara mbili. Kwa mdomo inatosha, lakini mdomo wa nani utakuwepo siku hiyo? Shamba lililopumzishwa halisemi. Wazee wanaojua kijito gani kilikuwa mpaka kati ya jamaa hii na ile wanapungua kila kiangazi, na vijana wengi walizaliwa barabarani, hawajawahi kufika "kule kwa zamani".

Wengine watasema kuandika kutaamsha ugomvi uliolala. Kuna ukweli ndani yake. Kuna jamaa mbili zitakazodai tongo moja, na kuna mambo ya utumwa ambayo nyumba nyingine hazipendi yatajwe, kwamba babu wa huyu aliletwa kama mtumwa wa babu wa yule. Hapa naomba koperative iwe na akili. Hatuandiki ukoo wa mtu. Tunaandika nani alilima fasi gani, alipanda nini, alikwenda wapi. Mjukuu wa mtumwa ambaye jamaa yake imelima bonde moja miaka mia moja, huyo ni mwenyewe wa bonde lile kwa jasho, na aandikwe. Kwangu mimi huyo njo wa kuandikwa kwanza, juu ya wenzake wa Tongoni hakuna aliyewaandika.

Basi ninaomba jambo la kiangazi hiki, wakati nyasi zimekauka na miembe ya zamani inaonekana kwa mbali. Kila koperative inunue kaye moja yenye jalada gumu, isiwe ile ya michango. Mchague mama mmoja na kijana mmoja wanaojua kuandika, waende na wazee wawili au watatu mpaka kwenye tongo lililo karibu. Msiende na mzee mmoja peke yake. Waulize majina: kijito, kilima, bonde, mbegu za mpunga zilizopandwa pale na zilipotoka. Wanawake waulizwe kivyao, maana mipaka ya mashamba ya chakula wanaijua wao kuliko wanaume. Wahesabu hatua kutoka mti hadi mti. Kusiwe na nukuu ya kizungu isiyoeleweka, iandikwe kwa Kiswahili chetu hiki, jioni isomwe mbele ya wote, anayepinga aseme na neno lake liandikwe chini yake. Nakala moja ibaki kwa shefu, moja kwa koperative, moja kwa agronomu wa sekta. Ikifanyika kabla ya mvua ya mwezi wa tisa, watakaopanda mpunga kwenye matongo mwaka huu watakuwa wanajua wanapanda kwa nani.